Nukta Nne Ulizozungushia Penseli

Nyambura, mama yangu,

Begi lako liko hapa mlangoni, zipu wazi, sweta moja ndani na nyingine nje, kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi. Wewe umeenda Langas kumwambia shangazi yako kwamba huendi tena Marsabit, na kesho asubuhi kabla ya basi kuondoka utawapigia simu wale watu wa visima uwaambie wampe mtu mwingine kazi. Mimi nimekaa kwenye kiti chako hapa mezani. Jua bado lipo. Mbele yangu kuna ile karatasi uliyonionyesha jana, na nimeikagua kuliko nilivyowahi kukagua karatasi ya mtihani ya mwanafunzi yeyote, nikitafuta kosa. Kosa lipo. Si lako.

Ninaandika kwa sababu ukiwa mbele yangu sitaweza kusema. Utaniuliza kama nimekunywa dawa, nitasema ndiyo, utanitazama, nitatazama dirishani, na mazungumzo yataishia hapo kama kawaida yetu. Ninakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, lakini siku hizi unanitazama kama yeye pia, na mbele ya macho hayo sijawahi kuungama kitu nikamaliza.

Mambo ya safari sitayagusa. Umeshalala mara nyingi kwenye hema msituni Kaptagat ukipima mvua. Huhitaji kukumbushwa tochi na sabuni na mzee ambaye hawezi kufunga viatu vyake mwenyewe. Ninachotaka kukuambia ni habari ya nukta.

Turudi jana. Uliondoa sahani, ukapangusa meza, ukaiweka karatasi mbele yangu taratibu kama karani wa korti.

"Baba, angalia hii."

"Ni nini?"

"Ni wewe."

Na kweli nilikuwa mimi. Ulikuwa umeichukua ile mashine ya kupimia presha, ukatoa vipimo vyote ilivyovihifadhi, kimoja cha kila Jumamosi, ukavichora. Mstari wa chini ulionyesha ulikuwa umelala Kaptagat siku ngapi mfululizo kabla ya kipimo. Mstari wa kusimama ulionyesha presha yangu, ile namba ya juu. Kila nukta ilikuwa mimi, Jumamosi moja. Sijawahi kujiona nikiwa wengi hivyo mahali pamoja, na wengi wetu tulikuwa katika hali mbaya.

Kwanza nikusifu, maana jana sikukusifu vizuri. Hukuunganisha nukta. Miaka yote niliyofundisha, ukimpa mwanafunzi nukta atazishika moja moja na kuziunganisha kwa rula mpaka mchoro ufanane na njia ya mlevi anayerudi nyumbani. Wewe ulijua kwamba grafu ya aina hii si barabara ya kutoka nukta moja hadi nyingine. Ni watu waliosimama uwanjani, na unachotafuta ni umbo la kundi lao. Kile ulichodhani kinasababisha ulikiweka chini, na kile ulichodhani kinasababishwa ukakiweka kwa kusimama. Tena hukuanzisha presha kwenye sifuri, kwa sababu mtu mwenye presha sifuri hahitaji grafu.

Na umbo lilionekana wazi. Nukta zilipanda kutoka kona ya chini kushoto hadi juu kulia, kama wakimbiaji wa Kaptagat wakipanda mlima asubuhi: wachache mbele, wengi katikati, mmoja amebaki nyuma ameshika mbavu.

"Unaona?" ukasema. "Nikilala hapa nyumbani, presha iko chini. Nikienda Kaptagat, inapanda. Nikikaa huko sana, inapanda sana. Na hiyo ni Kaptagat, hapa tu. Sasa Marsabit je? Baba, mimi nikienda Marsabit nitarudi kukuzika."

Nikaweka kidole kwenye nukta nne zilizokaa peke yao chini kulia, mbali na wenzao. Ulikuwa umezizungushia penseli na kuandika neno moja pembeni: *mashine?*

"Na hizi?"

"Hizo achana nazo. Nafikiri betri ilikuwa inaisha."

Nyambura, betri haikuwa inaisha. Nilizijua nukta zile nne kama ninavyojua majina ya ndugu zangu. Ningeweza kukueleza yote kwa sentensi moja. Badala yake nilisema, "Kazi nzuri, mama," nikaomba chai.

Hiyo chai ndiyo ninayotaka kuiungama. Lakini hutanielewa kama sijaanza na grafu nyingine, ya zamani, niliyoichora mimi.

Unaikumbuka shule ya kule Turbo, ila huenda hukumbuki jinsi mambo yalivyoanza, maana ulikuwa mdogo na ulikuwa ukilia. Nyumba yetu ilitazamana na lango la shule. Mtu akisimama kwenye mlango wetu aliweza kusoma ubao wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, na mtoto wangu wa pekee alikuwa akipata alama za kusikitisha katika hesabu. Kila jioni nilikufundisha mwenyewe. Kila jioni majirani walilijua jibu kabla yako, kwa sababu nililitangaza.

Basi muhula mmoja nikawauliza wanafunzi wote wa madarasa ya juu wanatoka umbali gani. Nikachukua karatasi ya manila, umbali chini, alama za hesabu kwa kusimama, nikaweka nukta moja kwa kila mtoto. Kundi likapanda kulia, zuri kabisa. Watoto waliotoka Chepsaita na ng'ambo yake walikuwa juu. Watoto wa jirani na shule walijazana chini kushoto, na wewe ulikuwa kwenye kona kabisa, umebakiza kidogo uanguke kutoka kwenye karatasi.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi sikujiuliza, nilijua. Hiyo ndiyo hasara ya kusoma halafu ukaishi sehemu hizi. Hapa kwetu kila mtu anaamini kwamba mtoto akikimbia vya kutosha, kila kitu ndani yake kitakimbia pia, akili ikiwemo. Nikaamua kwamba tatizo lako ni ukaribu. Kuanzia Jumatatu ungetoka nyumbani mapema, uteremke hadi barabara kuu, uizunguke senta yote ya maduka, upande kwa njia ya mashamba, na uingie shule kwa lango la nyuma.

Mama yako, Mungu amlaze pema, alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Nyambura, shule ile pale."

"Ninaiona."

"Mtoto pia anaiona."

Ukaondoka. Majirani walipokuona umeipa shule mgongo ukiwa na sare na mkoba, walimuuliza mama yako umefukuzwa kwa kosa gani. Na mimi, badala ya kuona haya, niliibeba ile manila hadi kwenye mkutano wa wazazi nikaibandika ukutani. Nilieleza kwa fimbo. Nilisema sayansi imesema. Mzee mmoja wa Chepsaita akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hivyo mimi nikihamia Uganda, huyu wangu atakuwa profesa?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nilimjibu kwa ukali kwamba grafu haisemi chochote kuhusu Uganda. Sasa nikikumbuka, hilo ndilo jambo la pekee la kweli nililosema siku ile. Nukta zinapokwisha, na wewe unyamaze. Mbele ya hapo hujui. Jana wewe pia ulikuwa na Uganda yako: nukta zilikwisha Kaptagat, ukaendelea nazo peke yako hadi Marsabit, ukafika mpaka kaburini kwangu.

Lakini wazazi walicheka na wakafuata. Wiki iliyofuata asubuhi zilijaa watoto wanaoizunguka senta kama ng'ombe wanaotafuta josho. Wengi walichelewa, wawili waliumwa na mbwa mmoja, na alama zao hazikupanda hata kidogo. Zako tu ndizo zilizopanda. Muhula baada ya muhula, zilipanda. Nilikuhamisha mwenyewe kwenye manila kwa kalamu nyekundu, kutoka kona ya chini hadi juu kulia, kisha nikakuita sebuleni ukaone. Uliitazama nukta yako. Halafu ukatazama viatu vyako. Nilidhani ni unyenyekevu.

Ulikuwa unapanda kanta ya Abdi.

Ninajua yote, mama. Ninajua kwamba Abdi, ambaye wakati huo alikuwa akinunua mahindi mashambani na kuyaleta mjini, alikuwa anapakia lori lake hilo pale senta kila asubuhi. Ninajua kwamba ulikaa mbele na kufanya kazi ya shule juu ya magoti huku magunia yakipandishwa nyuma, na kwamba alikushusha kwenye kona, kabla ya lango la nyuma, ili uingie kwa miguu unahema. Kuhema nako ulikuwa unaigiza. Abdi anasema ulikuwa unajipaka vumbi miguuni, tena kwa ustadi. Mama yako alijua. Sasa ndipo ninapoelewa kwa nini alikufungia chapati nyingi kuliko tumbo lako: moja ilikuwa nauli.

Kwa hiyo ile nukta nyekundu niliyojivunia ilikuwa ya uongo. Wewe hukutembea. Ulikaa mahali tulivu asubuhi, ukaangalia hesabu zako bila mtu kukutangazia jibu, basi zikaingia. Kilichokupandisha hakikuwa umbali kati ya nyumba na shule. Kilikuwa umbali kati yako na mimi.

Wale wa Chepsaita? Hata wao hawakusaidiwa na miguu. Kulikuwa na shule nyingine karibu nao. Aliyeipita hiyo na kuja kwetu ni yule mwenye mzazi king'ang'anizi, au mwenye kichwa kinachowaka. Wengine wote walibaki kule karibu na kwao, na mimi sikuwaona kwenye karatasi yangu. Nukta zilisema kweli. Zilisema vitu viwili vinapanda pamoja. Sababu niliiweka mimi, kutoka mfukoni mwangu.

Ile manila ilibaki ukutani tulipohama Turbo kwa haraka, mwaka ule wa machafuko unaoujua. Kanta iliyotubeba hadi mjini, sisi na magodoro na kuku watatu, ilikuwa ya Abdi. Ulipanda mbele na kuufungua ule mlango uliokuwa mgumu, wa kuinua kidogo kisha kuvuta, bila kuonyeshwa na mtu. Na hata hapo sikushtuka.

Utauliza nimeyajuaje haya. Abdi aliniambia mwenyewe, juzijuzi tu, akicheka mpaka akauweka mfupa chini.

Na hapo ndipo ungamo langu linapoanzia. Kwenye mfupa.

Wewe ukienda Kaptagat, Nyambura, pikapu ya Abdi huwa inasimama langoni kabla ya adhuhuri. Wewe unadhani mimi niko kitandani, nimefunikwa blanketi, ninasikiliza redio. Mimi huwa niko nyuma ya duka la Abdi la vifaa vya ujenzi, kati ya mabati na mabomba, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya ubavu wa mbuzi. Kuna ubao, kuna kisu, na kuna mlima wa chumvi pembeni. Daktari alisema chumvi kidogo. Hakusema kidogo ukilinganisha na nini.

Tena si hayo tu. Kile kidonge cha asubuhi, cha kukojosha, siku hizo nilikuwa sikimezi. Choo cha Abdi kiko mwisho wa ua, nyuma ya rundo la kokoto, na mzee mwenye fimbo hafiki kwa wakati. Kwa hiyo kidonge nilikuwa nakifukia kwenye chungu cha lile ua la mama yako pale dirishani. Lile unalolimwagilia kila siku na bado linanyauka. Ni mimi.

Ulikaribia kunikamata mara moja. Uliporudi uliinama kunisalimu ukanusa shati.

"Baba, mbona unanuka moshi?"

"Jirani anachoma mabua ya mahindi."

"Mwezi wa tano?"

"Ni jirani mvivu."

Ulipokaa Kaptagat siku mbili, nilikula mara moja. Ulipokaa wiki, nilikula mpaka Abdi mwenyewe akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Kwa hiyo ni kweli, presha ilipanda kadiri ulivyokaa mbali. Lakini katikati yenu alikuwepo mbuzi, na mbuzi hakuwa na mstari wake kwenye karatasi yako.

Sasa zitazame zile nne ulizozizungushia. Linganisha na tarehe zilizo kwenye mashine. Ulikuwa Kaptagat karibu mwezi mzima, na presha yangu ilikaa chini kama ya kijana. Hiyo haikuwa betri. Hiyo ilikuwa Ramadhani.

Abdi alikuwa amefunga. Mchana jiko lake lilikuwa baridi, na jioni alikuwa nyumbani kwa watu wake na baadaye msikitini. Siku ya kwanza nilimpigia.

"Abdi, leo vipi?"

"Wallahi, Mwalimu, leo ni tende na maji, na hiyo ni jua likizama. Nije nikuchukue?"

"Saa hiyo mimi nitakuwa nimelala."

"Basi lala. Tutaonana Idi."

Hivyo ndivyo mimi, mzee wa kanisa, nilivyofunga Ramadhani yote bila kukusudia. Nilikula mboga za sukuma ulizomwagiza jirani anipikie, nikameza vidonge vyote kwa kukosa kazi nyingine, na hata lile ua likachipua kidogo. Ninazipenda nukta zile nne. Wewe ulizidhania ubovu wa mashine kwa sababu zilikuharibia umbo. Mimi nilifanya hivyohivyo na wale watoto waliozunguka senta na wasipande. Nilisema walikuwa wavivu. Nukta inayokataa kusimama na wenzake, mama, usiifute. Kaa nayo uiulize ilikuwa wapi siku hiyo.

Ninakufahamu. Hapa umeshaweka barua chini na kusema kwa sauti, "Lakini Baba, ni kuondoka kwangu ndiko kunakoleta huyo mbuzi! Kwa hivyo bado ni mimi!" Ni hoja nzuri, na ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote. Mtoto akiondoka, mbuzi anaingia. Mbuzi akiingia, presha inapanda. Lakini kuna njia mbili za kumwondoa mbuzi. Moja ni wewe ukae hapa unilinde mpaka nife, uzeeke ukiwa umeshika kikombe cha dawa. Nyingine ni mimi kuacha kula mbuzi. Tumeijaribu ya pili mwezi mmoja, bila hata kujua kwamba tunaijaribu, na jibu lake umelizungushia penseli.

Kwa nini basi nilikula, nikijua? Nimelifikiria hilo tangu mchana. Si njaa. Ukiwa nyumbani mimi ni mgonjwa. Unanitunza vizuri kuliko ninavyostahili, na kila unaponikaribia ninasikia mkono wangu unajiandaa kufungwa kile kitambaa cha mashine. Kwa Abdi hakuna anayenipima. Wananiita Mwalimu, wananibishia siasa, na kuna fundi mmoja wa bomba ambaye kila siku ananiuliza hesabu za kipuuzi ili nikasirike. Nilikwenda huko kuwa mtu. Mbuzi ilikuwa kiingilio tu.

Na sasa ile chai ya jana. Uliposema utarudi kunizika, niliona kosa lako lote mara moja, kama mwalimu. Lakini kabla mwalimu hajafungua mdomo, yule mzee mwingine ndani yangu akafurahi. Nisikufiche. Nilifurahi, Nyambura. Nukta zilikuwa zinadanganya, na zilikuwa zinadanganya kwa faida yangu. Zilisema mtoto asiondoke. Nikawaza: mimi sijasema neno, imesema karatasi. Nikaomba chai, tena nikaiomba na sukari, nawe ukanipa kwa sababu ulikuwa umenihurumia. Nimewahi kuipotosha grafu kwa ujinga. Jana ilikuwa mara ya kwanza kuiacha ipotoke huku macho yangu yako wazi.

Usingizi haukuja. Leo ulipoenda sokoni nilimpigia Abdi aje, nikamwonyesha karatasi. Aliigeuza juu chini, akairudisha.

"Hivi vitu ni nini, Mwalimu?"

"Ni mbuzi zako."

"Zote hizi?" Akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. "Subhanallah. Na sisi tulikula na nani?"

Nikamweleza yote.

"Kwa hivyo msichana anabaki kwa sababu ya hii?"

"Ndiyo."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Mwalimu." Alivua kofia akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu. "Ule mtoto nilimbeba asubuhi nikimtoa kwako ndio apate kusoma. Wewe unataka nimbebe tena na hizi miaka zangu?"

Akaendelea kuniambia mambo mengine ambayo sitayaandika, mzee wa kanisa hawezi kuyarudia, lakini mwisho wake tumekubaliana. Nitaendelea kwenda kwa Abdi. Nitakaa kwenye kiti kilekile na kubishana na yule fundi wa bomba. Mbele yangu patakuwa na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, isiyo na chumvi, na kidonge nitakimeza mbele ya mashahidi. Abdi ameahidi kuhamishia mkojo wangu karibu, yaani atajenga choo kingine kando ya mlango. Mabati na mabomba si anayo. Kila Jumamosi atanipima yeye, si mimi, kisha akutumie namba kwa simu. Ameapa hatanisaidia kudanganya. Nimemkumbusha kwamba alinidanganya muhula baada ya muhula bila kupepesa jicho. Akasema ule ulikuwa udanganyifu wa kusaidia mtoto, na huu pia ni wa kumsaidia, ndiyo maana atasema kweli. Sijui hesabu yake inakwendaje, lakini nimeikubali.

Wewe endelea na karatasi hii. Ipeleke Marsabit. Ipanue upande wa kulia, ipe nafasi, maana kutoka huko siku zitakuwa nyingi. Kona ile ya chini kulia, penye wale wanne peke yao, ndipo ninapotaka kusimama: wewe mbali, mimi sawa. Haiwezekani kuijaza ukiwa hapa.

Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa mzima utakaporudi. Daktari alisema moyo wangu umekuwa mkubwa. Abdi aliposikia alinipongeza. Ninaweza kufa ukiwa Marsabit. Ninaweza pia kufa ukiwa jikoni unanichujia uji, na hilo halitakuwa jepesi kwako kwa sababu ulikuwa karibu. Nikifa, utatafuta sababu, na ya kwanza utakayoipata mfukoni mwako itakuwa wewe mwenyewe. Itoe. Niliwahi kuwa na mfuko kama huo na nikawatembeza watoto wa watu.

Itafika Jumamosi ambayo Abdi hatakutumia namba. Siku hiyo usiandike sifuri. Niliwafokea wanafunzi wengi sana kwa kosa hilo: mtoto hakufika mtihani, wanamwekea sifuri, na nukta yake inaburuta kundi lote chini. Asiyekuwepo hana sifuri. Pale paache wazi tu. Zile nukta nyingine zitabaki mahali zilipo, kila moja Jumamosi yake, na hakuna itakayosogea.

Sasa funga begi. Ukirudi kutoka Langas utanikuta nimelala, au nimefumba macho, na naomba uamini kwamba nimelala. Abdi atakuwa langoni alfajiri na pikapu akupeleke stendi. Panda mbele. Mwambie akushushe kwenye basi lenyewe, si kwenye kona, na usijipake vumbi.

Chapati nimemwomba jirani azipike, ziko kwenye sufuria yenye kifuniko cha bluu. Zihesabu vizuri. Moja ni nauli.

Baba yako